Kondoo Wasiotiwa Rangi

Walipokuja watu kumi na wanne badala ya sita, Hilary Mounsey alidhani ni mapenzi. Alisimama kwenye banda la mbwa, saa moja na nusu asubuhi, akawahesabu mmoja mmoja wakishuka kwenye pikapu zao na fimbo zao na mbwa wao, akajisemea kwamba kumbe utu bado upo. Kila mwezi wa kumi, siku ya kuwashusha kondoo kutoka mlimani, ilikuwa jasho kuwapata hata hao sita. Huyu mgongo unamuuma, yule ana harusi ya mpwa wake, mwingine trekta imemfia njiani. Mwaka huu hata ndugu wawili wa upande wa pili wa mlima, ambao hawana kondoo hata mmoja kwenye malisho ya Raisgarth, walikuja, tena walikuja mapema.

Hilary alikuwa na miaka arobaini na tisa, na ishirini na sita kati ya hiyo aliitumia akifanya kazi Raisgarth, shamba la kukodi, yeye na baba yake mzee Isaac. Mama alikufa zamani. Mume hakupatikana, au alipatikana mmoja, akaiona mvua ya Raisgarth, akageuza gari. Mshahara hakuwahi kulipwa. Aliachiwa fedha ya manyoya, ambayo siku hizi haitoshi kumlipa hata huyo anayeyakata, na alikuwa na ahadi ya baba yake kwamba shamba litakuwa lake. Ahadi haikuandikwa popote. Nani anaandikishana na baba yake mzazi?

Walipanda mlima kwa mstari mpana, mbwa wakiwatangulia, na kondoo wakaanza kutoka kwenye majani makavu wakiteremka kwa mkumbo. Mlima ule hauna ua wala uzio. Kondoo wa Raisgarth hukaa upande wao kwa sababu mama zao waliwaonyesha, na mama zao walionyeshwa na bibi zao, na hivyo hivyo mpaka kule ambako hakuna anayekumbuka. Ndiyo maana wapangaji hubadilika lakini kondoo hubaki na shamba. Mtu akiwauza wote, ameuza kitu ambacho hatakinunua tena kwenye mnada wowote.

Kitu kimoja tu kilimtatiza Hilary asubuhi ile. Jirani yake, Wilf Bowness, mzee wa miaka sitini na kitu, alikuwa mtani wake tangu alipokuwa msichana. Kila mwaka humwambia kwamba mbwa wake anakimbia kama mlevi anayetafuta choo. Mwaka huu mbwa yule aliwapoteza kondoo ishirini nyuma ya jabali mbele ya macho ya Wilf, na Wilf akasema tu, "Si kitu, nitawafuata mimi." Hilary alidhani mzee anaumwa.

*

Mpaka saa sita kondoo wote walikuwa ndani ya zizi la mawe nyuma ya nyumba, wakipiga kelele za kuziba masikio. Kazi ya kuwachambua Hilary aliijua kuliko alivyoijua sala. Wanakondoo wa kuuzwa hupita kulia. Majike waliokwisha meno hupita kushoto. Majike wazima, ambao ndio mtaji, hupakwa mstari mwekundu begani, alama ya Raisgarth, halafu huchanganywa na madume na baadaye hurudishwa mlimani. Alilichukua kopo la rangi, akachovya kijiti, akamshika jike wa kwanza kwa pembe.

"Acha hiyo, Hilary," alisema Wilf.

"Niache nini?"

"Rangi. Usiwapake."

"Nisipowapaka, kesho kutwa utaapa kwamba ni wako."

Wilf hakucheka. Aliivua kofia yake, akaitazama ndani kana kwamba kuna maneno yameandikwa humo. "Wanunuzi hawataki manyoya yenye rangi mbichi," alisema.

"Wanunuzi gani? Hawa ni wa kurudi mlimani."

Watu kumi na watatu wakapata shughuli za ghafla. Mmoja akafunga kamba ya kiatu ambayo ilikuwa imefungwa. Wale ndugu wawili wakaanza kumkagua mbwa wao meno. Hapo ndipo Hilary alipomwona mtu wa kumi na tano, mgeni mwenye buti safi, amesimama kwenye lango na daftari mkononi, anahesabu kwa kutikisa kidole. Alikuwa mtu wa mnadani. Hakuwa mtu mbaya, na hiyo ilizidi kuuma, kwa sababu alimjia Hilary na kumpa mkono, akamwambia kwamba majike wazuri namna hii hajawaona miaka mingi, na mzee Isaac amemweleza wazi kuwa sifa zote ni za binti yake. Akauliza kama anaweza kuwapata wote Ijumaa, wote kabisa, wakubwa kwa wadogo.

"Muulize baba yako," Wilf alimnong'oneza Hilary, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayetamani ardhi immeze.

Hilary aliliweka kopo juu ya ukuta. Alirudi kwenye kilango cha kuchambulia, akaendelea: kulia, kushoto, kulia. Hakutaka kuwapa watu kumi na wanne nafasi ya kumwona akilia kwenye zizi lake mwenyewe. Halikuwa lake, lakini hilo alikuwa bado hajalizoea.

Mkewe Wilf, Dinah, alikuwa ameleta pai za nyama tatu, kubwa, zimefunikwa kwa vitambaa safi. Kwa kawaida huleta moja, na huwa imeungua upande mmoja. Hilary alimkuta akizikata kwenye mgongo wa pikapu.

"Umejua tangu lini, Dinah?"

Dinah aliendelea kukata. "Tangu siku za kukata manyoya."

"Miezi mitatu."

"Mwanzo tulidhani unajua. Halafu tukaona hujui. Halafu tukaona aibu." Alimpa kipande kikubwa, na Hilary hakukipokea. "Wewe mwenyewe unajua tulivyo huku. Haturuki ukuta wa nyumba ya mtu."

"Ila na pai mnaruka."

Kisu cha Dinah kilisimama katikati ya pai. Machozi yalimtoka, na Hilary akachukizwa nayo, kwa sababu aliona kwamba sasa atatakiwa kumbembeleza. Aliondoka akamwacha na kisu chake.

*

Mzee Isaac alikuwa jikoni karibu na jiko la makaa, mguu juu ya kigoda. Mapafu yake hayakumruhusu tena kupanda mlima. Alikuwa amevaa shati safi, na hilo peke yake lilitosha kumwambia Hilary kwamba mzee alijua siku imefika. Aliuliza kama wote wameshuka.

"Wote. Na mtu wa mnadani ameshawahesabu."

Isaac aliitazama chai yake. Alikuwa na miaka themanini, mtu mkubwa aliyeanza kupungua ndani ya nguo zake, na katika maisha yake yote hakuna aliyewahi kumsikia akieleza sababu ya jambo lolote. Siku ile alijaribu, na alijaribu vibaya. Alisema ametia saini mwezi wa tano. Shamba linarudi kwa wenye ardhi mwisho wa mwezi wa tatu. Wao hawataki tena kondoo, wanataka kupanda miti. Watampa kitu kidogo cha kumfuta jasho na nyumba ndogo isiyo na ngazi kule Kirkhow, hatua chache tu kutoka duka la dawa, bila kodi mpaka atakapokufa.

"Na mimi?"

"Ina vyumba viwili," alisema Isaac. "Niliwaambia kabisa, kimoja sitaki. Chako kinapata jua."

Hilary alikaa. Alikuwa bado na buti za zizini, na tope lilidondoka kwenye sakafu aliyoipiga deki mwenyewe alfajiri.

"Baba, uliniahidi."

"Nani angelirithi baada yako? Huna mtoto. Ungezeeka humu peke yako ukibeba majani kwenye theluji. Nimekufungua, mwanangu. Hutaamka tena alfajiri kushika mkia wa kondoo."

"Ungeniambia lini?"

"Leo. Baada ya kula."

Hilary alicheka, kicheko kibaya kilichomshtua hata mbwa chini ya meza. Mezani palikuwa na nafasi tatu zimepangwa vizuri, sahani na uma na kisu, na alielewa kwamba mzee alikuwa amepanga kumwalika Wilf, ili habari itolewe mbele ya mgeni na yeye ashindwe kupiga kelele. Kikulacho ki nguoni mwako, lakini hata kiroboto hakupangii sahani.

*

Asubuhi ya pili alivaa koti lake la kanisani akaenda ofisi ya wenye ardhi. Msimamizi wa ardhi alikuwa kijana mwenye adabu aitwaye Carleton, na shati lake lilipigwa pasi vizuri kuliko nguo yoyote iliyowahi kuingia Raisgarth. Alimkaribisha kiti. Alisema amefurahi kwamba hatimaye wanaonana. Hilary akamuuliza jambo moja tu, kama kuna njia yoyote ya shamba kubaki kwake.

Carleton alifungua jalada, ingawa ilionekana wazi kwamba alijua kilichomo. Mkataba wao, alisema, ulikuwa wa zamani, wa aina nzuri ambayo siku hizi haitolewi. Mtoto aliyefanya kazi shambani miaka yote alikuwa na haki ya kuurithi, ama mzazi akistaafu na kumtaja jina, ama mzazi akifariki. Lakini mzee Isaac hakustaafu na hakumtaja mtu. Aliurudisha mkataba wenyewe akiwa hai na mwenye akili timamu, mbele ya wakili, na mkataba ukirudi hakuna cha kurithiwa.

"Kwa hiyo kama angefariki kabla hajatia saini?" aliuliza Hilary.

"Basi lingekuwa lako bila shaka yoyote." Kijana akagundua alichokisema, uso ukamwiva. "Samahani. Sikukusudia..."

Hilary hakumsikia tena. Alikuwa amerudi mwezi wa tatu, wiki ya theluji, kondoo mia mbili wakizaa kwa mpigo, na Isaac chumbani kwake juu akiwaka homa, midomo ya bluu, kichomi cha mapafu yote mawili. Gari la wagonjwa lilishindwa kupanda. Hilary alimfunga mzee kwenye blanketi, akamteremsha ngazi mgongoni, akamtia kwenye pikapu na kuendesha kwa muda wa saa mbili kwenye barafu mpaka hospitali ya mjini. Alirudi akakuta wanakondoo kumi na mmoja wamekufa kwa kukosa mkono wa kuwavuta. Hakuwalilia. Alisema kondoo wapo, baba ni mmoja. Akakaa kando ya kitanda chake majuma matatu, akimlisha uji kwa kijiko, na alipopata nguvu ya kushika kalamu, mzee akaishika.

Carleton alikuwa anaendelea, mpole kama muuguzi. Alisema ofisi ilitaka kumwandikia Hilary barua tangu mwezi wa sita, kwa heshima, lakini baba yake ndiye aliyeomba asiambiwe mpaka manyoya yakatwe, majani ya akiba yaingie ghalani na kondoo washuke. Aliogopa binti asije akavunjika moyo katikati ya kazi.

"Alisema hivyo? Katikati ya kazi?"

"Ndivyo alivyoandika." Kisha Carleton akasukuma karatasi moja juu ya meza, kwa ncha za vidole. Ile nyumba ya Kirkhow, alisema, hawaruhusiwi kumweka mzee mgonjwa humo peke yake. Lazima awepo mtu wa kumtunza anayeishi naye, na mtu huyo lazima atie saini. Jina la Hilary lilikuwa limekwisha kuandikwa hapo, kwa mwandiko wa baba yake wa herufi kubwa kubwa. Mbele ya neno *kazi*, ambapo kwa miaka ishirini na sita Hilary angeandika mfugaji, mzee alikuwa ameandika *hana*.

Hilary aliikunja karatasi akaitia mfukoni. Kwenye maegesho, ndani ya pikapu, alitoa gazeti la wakulima lililokuwa chini ya kiti na akampigia simu mtu wa kwanza aliyetangaza kutafuta mchunga kondoo. Ilikuwa kazi ya msimu upande wa Northumberland, kuanzia mwezi wa kumi na moja mpaka kondoo wamalize kuzaa, na malazi ni karavani, kijumba cha magurudumu, nyuma ya ghala. Mwanaume aliyepokea alisikika bado mdogo. Alimuuliza kama ana uzoefu, na kama anaweza kuleta barua ya mwajiri wake wa mwisho.

"Mwajiri wangu wa mwisho ni baba yangu," alisema Hilary.

"Basi hiyo si kazi," yule kijana alitania. "Hicho ni kifungo." Akamwambia aje wiki ijayo, wamjaribu siku tatu.

*

Alipofika nyumbani mchana, alikuta Isaac amemenya viazi. Katika maisha yake Hilary hakuwahi kumwona baba yake na kisu cha viazi mkononi. Alikuwa amevimenya vibaya, nusu ya kiazi imebaki kwenye maganda, lakini alikuwa amevichemsha na kukaanga soseji. Walikula. Kutoka zizini zilisikika sauti za majike wakiwaita watoto wao waliotenganishwa nao.

"Umetia saini?" hatimaye aliuliza Isaac.

"Sijatia. Nimepata kazi Northumberland. Naondoka Jumatatu."

Mzee aliweka uma chini. "Kuchunga kondoo wa watu?"

"Kwani hawa walikuwa wa nani?"

"Hilary, bila saini yako hawanipi ile nyumba. Nitapelekwa kwenye nyumba ya wazee, nikakae na watu wasiojua hata jina langu." Alipoona Hilary anaendelea kula, kitu alichokuwa amekificha tangu mwezi wa tatu kikatoka. "Unajua nililala siku ngapi kule juu kabla hujaja?"

"Siku gani?"

"Wakati wa theluji. Siku moja na nusu. Nilikuita Jumanne asubuhi. Nilikuita mchana. Nilipiga sakafu kwa kiatu. Nilikusikia ukiingia, ukijaza chupa ya chai, ukitoka. Mara nne uliingia na kutoka. Ulikuwa unaongea na mwanakondoo uliyemweka karibu na jiko, unamwambia avumilie." Aligonga meza kwa kidole. "Nikajua nitakufa hivyo. Wewe uko zizini na mimi nakuita. Ukiwa na shamba, wewe ni wa shamba. Nikasema, hili shamba likiondoka, atakuwa nyumbani."

Hilary alibaki ameshika kikombe. Miezi saba alikuwa ametembea akijua kwamba alimwokoa baba yake, na mtu aliyeokolewa alikuwa anahesabu mara alizopita mlangoni. Hakujua kama aombe msamaha au amtupie kile kikombe. Ni kweli hakusikia. Ni kweli pia kwamba siku ile, kama angesikia, angesema nakuja, na angemalizia kwanza kumvuta mwanakondoo. Wote wawili walilijua hilo, na mzee alikuwa amelitoza bei yake: mlima mzima.

"Ungeniomba," alisema. "Baba, ungeniambia unaogopa, ungeniomba nikae, ningekaa. Shamba ningewarudishia mimi mwenyewe kwa mikono yangu."

Isaac alimtazama kwa macho yaliyojaa maji. Kuomba hakukuwa kazi yake, na ilimchukua muda kuipata njia.

"Basi nakuomba sasa," alisema.

Hilary alisimama. Aliitoa ile karatasi mfukoni, akaiweka mezani karibu na mkono wa baba yake, ilivyokuwa, pale pa saini pakiwa peupe. Kisha akachukua sahani yake, na uma wake, na kisu chake, na kikombe chake, akaenda navyo kwenye sinki. Aliviosha kwa utaratibu, akavikausha, akavirudisha kabatini. Vya baba yake aliviacha mbele yake mezani, mafuta ya soseji yakiganda, na akapanda juu kutafuta sanduku.